Mwalimu Roda Aliyewafundisha Wakubwa Kunyamaza

Sipendi hotuba. Nalisema hili mapema ili baadaye nisiitwe mnafiki. Kazi yangu ni kutunza chanjo za mifugo katika bohari moja hapa Garissa, na wakubwa wanapokuja kuzindua kampeni, mimi ndiye ninayesimama juani na masanduku ya barafu huku bwana mwenye tai akituhimiza tuote ndoto kubwa. Barafu haisubiri ndoto. Siku moja hotuba ilirefuka mpaka chanjo ya kondoo mia mbili ikaharibika, na mada ya siku hiyo, wallahi, ilikuwa umuhimu wa kutunza wakati.

Kwa hiyo niaminini ninapowaambia kwamba mtu ninayemheshimu kuliko wote mjini humu ni mwanamke aliyetumia maisha yake kufundisha watu kusema mbele za watu. Anaitwa Roda Bishar. Sisi tuliopita mikononi mwake tunamwita Mwalimu hata sasa, ingawa amestaafu na ana kibanda cha kutoa fotokopi karibu na soko. Alifundisha Kiswahili miaka ishirini na tisa katika shule ya sekondari ya wasichana. Hakuwahi kuwa mwalimu mkuu wala hakuomba kuwa. Ni mfupi, miwani yake imefungwa uzi upande mmoja, na sauti yake ni ya chini kiasi kwamba ukitaka kumsikia inabidi unyamaze. Nadhani hufanya makusudi.

Alipoanza kutuigizisha, wazazi walikuja juu. Binti wa Kiislamu na jukwaa wapi na wapi? Mwalimu hakubishana nao. Alikwenda nyumba kwa nyumba, akanywa chai ya maziwa ya ngamia mpaka tumbo likamuuma, akawauliza akina baba wanaogopa nini hasa. Kisha akafanya kama walivyotaka. Tuliigiza tukiwa na hijabu zetu, saa nne asubuhi, kwenye uwanja wa voliboli, mbele ya mama zetu. Mwaka uliofuata akina baba walilalamika kwamba hawakualikwa.

Kipenzi chake kilikuwa tamthilia za kale za Wagiriki. Alizisoma chuoni na hazikumtoka tena. Lakini hakutubebesha majina yao magumu. Aliuchukua mtindo, akauacha mji wao, akatuandikia mchezo wake mwenyewe juu ya malkia anayelinda kisima katika mwaka wa ukame. Ndani yake kulikuwa na malkia, mjumbe, na kundi la wanawake kumi na wawili wenye madumu matupu, ambao ndio mji wenyewe. Kundi ndilo lililoingia kwanza na kutoka mwisho.

"Wale watu walicheza mchana kweupe, kwenye mteremko wa kilima, mbele ya maelfu, bila kipaza sauti," alikuwa akituambia. "Ni nani mwingine hukutana hivyo? Si ni wazee wetu? Basi msijifanye wageni."

Na alikuwa na haki. Kwetu mtu hasemi peke yake. Mzee akizungumza kwenye kikao, akimaliza sentensi, yupo atakayempokea kwa neno moja: "Haye." Maana yake nimekusikia, endelea. Usipopokelewa, unazungumza na mchanga. Mwalimu aliliingiza neno hilo katika mchezo wake. Malkia alikuwa hawezi kusema sentensi ya pili mpaka kundi liseme haye kwa ile ya kwanza, na kuna mahali kundi lilikataa kabisa, na malkia akabaki amesimama na maneno yake mdomoni. Hapo ndipo mama zetu walipokuwa wakishika vifua.

Malkia alikuwa Idman Hanad. Miaka mitatu mfululizo alikuwa yeye tu. Alikuwa na sauti ya kufika langoni na kurudi. Mimi, Naimo, nilikuwa mtu wa tatu kutoka kushoto katika kundi, na dumu langu. Nilimwonea wivu, sitaficha. Wivu ulipoa tukawa marafiki, yeye akaenda zake kusoma, mimi nikaishia kwenye majokofu.

Sasa Idman ni chifu. Ni chifu wa kwanza mwanamke katika kata yake, nje kidogo ya Eldas, na wazee walimkubali kwa kuwa marehemu baba yake alikuwa mtu wa haki. Serikali ikampeleka kozi Nairobi, na huko mtaalamu wa hotuba za kuhamasisha akamfundisha kwamba kiongozi mahiri huanza na takwimu ya kushtua. Alirudi na cheti alichokitia plastiki.

Halafu sotoka ya mbuzi ikaingia Takaba. Huo ni ugonjwa mbaya. Mbuzi anatoa makamasi, mdomo unajaa vidonda, anaharisha, na wanambuzi ndio wa kwanza kufa. Kutoka Takaba ugonjwa ulikuwa unashuka na mifugo inayohama, na kata ya Idman ilikuwa njiani. Chanjo ilikuwepo kwangu Garissa. Kilichobaki ni wafugaji kukubali kuleta mbuzi wao. Idman akaitisha baraza, akashika kipaza sauti, akafanya kama alivyofundishwa.

"Kata hii ina mbuzi elfu kumi na moja na mia nne!" akatangaza. "Mzee Jelle peke yake ana mia tatu na ishirini!"

Msomaji wa huku tayari amefumba macho. Kwetu hesabu ya mifugo ya mtu haitamkwi. Hata mkwe wako humwulizi. Kuitaja mbele za watu ni kuifungulia mlango kijicho. Mtu mmoja alisema "Mashaallah" haraka haraka, kama anayefunika chakula nzi wasitue. Mzee Jelle, ambaye ndiye mwenye neno katika kata ile, alisimama, akakung'uta shuka lake, akaondoka. Wengine wakamfuata mmoja mmoja. Angekuwa ni mgeni wa kutoka Nyeri tungemsamehe, lakini Idman amezaliwa kwenye boma la mbuzi! Ndivyo kozi inavyoweza kumtoa mtu akili aliyonyonya.

Kufikia jioni maneno yalikuwa yameenea: chifu ametutilia jicho, na mbuzi wa kwanza atakayekohoa ni mkono wake. Hapo ndipo jambo lilipofikia. Wasipochanja, sotoka itafyeka mbuzi ambao maziwa yao ndiyo chakula cha watoto wa kata nzima, na atakayelaumiwa ni Idman, milele.

Alinipigia simu. "Naimo, abaay, dada yangu, naacha kazi. Nakuja Garissa na barua."

"Njoo nayo," nikamwambia. "Lakini kabla ya kuipeleka ofisini, pitia kwa Mwalimu uitoe fotokopi."

Mwalimu Roda aliisoma barua, akaikunja, akatupeleka uani kwake. Hakutoa pole wala mawaidha. Alimvua Idman kofia yake ya uchifu, akaivaa juu ya mtandio wake, ikamfunika mpaka kwenye nyusi. Akageuza kreti la soda.

"Keti hapo," akasema. "Wewe sasa ni Jelle. Mimi ndimi chifu."

Kisha akaanza. Aliisema hotuba ile neno kwa neno, kwa madaha yote ya Nairobi, akinyoosha kidole angani. Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Idman naye alicheka, mwanzoni. Mwalimu alipofika kwenye mia tatu na ishirini, Idman aliacha kucheka. Akasimama. Alikuwa amefika karibu na lango alipoitwa.

"Unakwenda wapi?"

"Sijui, Mwalimu. Miguu imeondoka yenyewe."

"Rudi, keti. Jelle anafikiria nini?"

Idman alirudi kwenye kreti, akaanza kusema mambo ambayo hata mimi sikuyajua. Miaka miwili nyuma kulikuwa na kampeni nyingine. Ilikuwa ukame, mbuzi wamedhoofika, na wachanjaji waliwabana wote pamoja kwenye boma la miiba, wenye mimba na wasio nayo. Wengi waliharibu mimba wiki ile. Mbuzi wa mama yake Idman walikuwemo. Hakuna mkubwa aliyerudi kusema pole.

"Nilidhani hawajui faida ya chanjo," akasema. "Wanaijua kunishinda. Wanatuogopa sisi."

Mwalimu akavua kofia ile, akaiweka juu ya paja lake.

"Katika zile tamthilia za kale," akasema, "mkubwa haangushwi na adui. Huangushwa na jambo ambalo mji mzima unalijua isipokuwa yeye. Watu husema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Sawa. Na mkuu asiyesikia la wadogo huvunjika yote mawili. Lakini hili kosa ni langu, Idman. Miaka mitatu nilikupa taji kwa sababu ya sauti yako. Sikukuketisha na kundi hata wiki moja. Mwenzako Naimo aliketi na kundi. Yeye anawajua watu."

Mimi, ambaye miaka yote niliamini kwamba niliwekwa kwenye kundi kwa kuwa sauti yangu ni mbovu, niliingia jikoni kuchemsha chai ambayo hakuna aliyeiomba, ili wasione uso wangu.

Walifanya kazi siku mbili. Mwalimu hakumwandikia hata mstari mmoja. Alimfanya awe Jelle, awe mama yake mwenyewe, awe mwanamke ambaye mbuzi wake ni wawili tu, awe mchanjaji mwenye haraka. Chifu alikuwa Mwalimu, na kila mara alikuwa chifu mbaya wa namna mpya. Siku ya pili jioni ndipo alipomrudishia kofia na kumwambia neno moja tu juu ya kuhutubia.

"Usiwape jibu kabla hawajauliza. Ingia, sema kosa lako, kisha nyamaza. Kimya kitakutisha. Kiache. Katika mchezo wa kale kundi likinyamaza, ujue ndipo linapofikiri. Mkubwa mwoga hujaza kimya kwa maneno, na hapo huwa ameshawakatiza."

Baada ya siku kumi tulisafiri: mimi, wachanjaji wawili wa Kitui, dereva, na Mwalimu Roda, ambaye ana miaka sitini na moja na alikataa kubaki. Na hapa nieleze jambo langu. Kata ile ilikuwa imetengewa masanduku manne ya chanjo. Nilipakia mawili. Chanjo ikirudi imeharibika, anayeulizwa ni mimi, na kwa moyo wangu nilikuwa nimeshaamua kwamba watakuja wachache, wa huruma. Idman aliponiuliza kwa simu kama kila kitu kimo garini, nilimwambia kimo. Nilijiita mwenye busara.

Baraza lilikuwa asubuhi, kando ya silanga, lile bwawa la kuchimbwa la maji ya mvua, lililobaki tope katikati. Watu walikuja, nadhani zaidi kwa udadisi. Idman hakushika kipaza sauti. Alitandika mkeka, akaketi walipoketi wao, akaanza kuulizana nao habari kama inavyotakiwa. Amani ipo? Ipo. Njia ya mashariki imenyeshewa? Mawingu tu. Mgonjwa wa nyumba ile ameamka? Ameamka, alhamdulillahi. Wanyama? Wako na Mungu. Mambo haya yalichukua karibu saa nzima, na mimi jicho kwenye barafu yangu.

Kisha akasema, "Nimekuja kuwaomba radhi. Yale niliyoyatangaza hapa hayakuwa yangu kuyasema."

Akanyamaza. Hakuna aliyesema haye.

Nimekaa kwenye foleni nyingi na misiba mingi, lakini kimya kile kilikuwa na uzito wake. Mbuzi mmoja alipiga chafya, watu wakageuka kumtazama. Tulikuwa tumeketi na wanawake, mimi na Mwalimu, na nilishindwa kuvumilia, nikafungua mdomo nimpokee rafiki yangu. Mwalimu akanishika mkono kwa kucha.

"Nyamaza," akaninong'oneza. "Haye ya kuazima itamwaibisha."

Hatimaye Mzee Jelle akakohoa. Aliongea Kiswahili makusudi, kwa lafudhi yetu isiyo na p, ili wale wachanjaji wa Kitui wasikie kwa masikio yao.

"Chif. Mimi nataka kuuliza wewe. Ile mwaka ya kiangazi, mbuzi yetu ilitupa mimba hapa, mbele ya hii maji. Nani ya serikali alikuja kusema bole?"

"Hakuna, adeer," akajibu Idman, akimwita ami kama ilivyo heshima kwetu.

"Na wewe mtoto ya Hanad, ulikuwa wabi?"

"Nilikuwa sijawa chifu, niko ofisini Wajir, adeer. Mama alinipigia simu akilia. Nilimwambia atume ripoti."

Mahali fulani nyuma mwanamke mmoja akacheka, cheko la uchungu.

"Mama yangu mzazi," akasema Idman. "Analia, namwambia atume ripoti. Sikumwomba radhi mpaka juzi."

Mzee Jelle alikuwa akichora kitu mchangani kwa ncha ya bakora yake.

"Haye," akasema.

Ewe msomaji, nilitokwa na machozi hadharani. Na baada ya hapo mambo yalikwenda kwa upesi. Idman alisema kesho mbuzi wa mama yake watachanjwa kwanza, watu wote wakitazama. Haye. Mwenye mimba kubwa hataguswa, na aliyedhoofika pia. Haye. Hakuna kubanwa kwenye miiba, kila mtu atamshika mbuzi wake kwa mkono wake. Haye, na sasa walikuwa wengi. Asiyetaka abaki kwake kwa amani, jina lake halitaandikwa popote. Hotuba nzima haikumaliza dakika nne. Hakuna ndoto iliyotajwa, na hakuna aliyeambiwa kwamba anaweza. Nilimtazama Mwalimu nikitarajia kumwona akitabasamu. Alikuwa amefumba macho na midomo yake inakwenda, nadhani anaomba dua.

Asubuhi iliyofuata vumbi lilionekana kabla ya watu. Walikuja kutoka pande zote. Idman alimshika mbuzi wa kwanza wa mama yake kwa mikono yake mwenyewe, akampaka rangi ya alama mgongoni, akamwachia. Jelle alikuwa wa pili. Wachanjaji walifanya kazi bila kuinua vichwa.

Kabla ya adhuhuri mmoja wao akanijia, akafungua sanduku la pili, akalipindua. Barafu tu. Na mifugo ilikuwa bado inaingia, na kwenye foleni kulikuwa na watu waliotembea tangu alfajiri.

Idman alikuja mbio. "Naimo, lete yale mengine."

"Hakuna mengine," nikasema.

Aliniangalia. Alielewa kila kitu papo hapo, najua, kwa sababu alikuwa amejifunza. Angeweza kuniaibisha, na angeweza pia kuniokoa kwa kuwaambia kwamba gari lilikuwa dogo. Nilimgeukia Mwalimu nikitafuta mahali pa kujificha. Alivua miwani yake, akaifuta. Nilimchukia kwa nukta moja. Kisha nikatembea mpaka mbele ya foleni ile, mimi nisiyependa hotuba.

"Chanjo imekwisha," nikasema kwa Kisomali. "Iko nyingine Garissa, ni haki yenu. Mimi ndiye niliyeiacha. Nilidhani hamtakuja."

Nilikuwa nimekisifu sana kimya nikiwa nimeketi. Kukisimamia ni kitu kingine kabisa. Niliwaona wakifikiri, uso kwa uso, na sikuwa na neno la kujifunika. Hawa ndio watu ambao Mwalimu alisema ninawajua.

Mwanamke mmoja aliyeitwa Ramlo, mwembamba, na mtoto mgongoni, aliuliza, "Ni mwendo wa siku ngapi?"

"Siku moja kwenda, siku moja kurudi."

Alitazama mbuzi wake, akatazama ardhi iliyotuzunguka, ambayo haikuwa na jani la kumlisha hata sungura. Kukaa hapo siku mbili ilikuwa njaa kwa wanyama wake, na kila mtu kwenye foleni alilijua hilo.

"Basi nenda," akasema. "Tutakungoja."

Nilirudi siku ya tatu na masanduku mawili kwenye mapaja yangu, maana sikuyaamini hata kwenye kiti cha gari. Njia nzima nilikuwa nikijiandaa kukuta uwanja mtupu. Nilistahili kuukuta mtupu. Walikuwapo wote. Walikuwa wamekata matawi ya migunga na kuwalisha mbuzi kwa mikono, na Mwalimu Roda alikuwa ameketi kati yao akivunja vijiti, mikono yake imekwaruzwa na miiba mpaka kwenye viwiko. Nilishuka garini nikiwa na maneno marefu ya kuomba msamaha. Ramlo hakuyangojea. Alimshika mbuzi wake wa kwanza sikioni, akamleta kwangu.